Viputo Viwili kwa Kila Pigo la Moyo

Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa, saa kumi kamili jioni, Mama Viputo atavua koti lake jeupe la maabara na kulitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe ukutani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika mamlaka yetu ya maji, na kesho yake ataamka akiwa mstaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu hii. Masharti yalikuwa matatu: uwe mchangamfu, usiwe na maneno makali, na kile kichekesho cha samaki kisisahaulike. Sharti la kwanza nimejitahidi. Hayo mengine mawili kamati itanisamehe, na isiponisamehe basi.

Kwa wageni na familia wasionijua, mimi ni Fundi Mkuu wa maabara. Wenzangu huniita Pilipili, na si kwa sababu ya mapishi. Nina hasira za karibu, tangu utotoni, na leo ninaandika nazo. Nimeona niseme mapema ili msomaji asije akadhani nimepotoka katikati ya njia.

Mama Viputo aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na saba, kazi yake ikiwa ni kuosha chupa. Siku hizo sampuli za maji zilikuja kwa makreti, chupa arobaini kila kreti, na kila chupa ilioshwa mara tatu kabla ya kutumika tena. Wengine waliifanya kazi hiyo kwa kusukuma siku. Yeye alianza kuuliza maswali. Kwa nini chupa hii ina utando na ile haina? Kwa nini maji ya tangi la juu yanakuja na harufu kila mvua ikianza? Mkuu wa maabara wa wakati huo, mzee mpole asiyependa kusumbuliwa, alichoshwa na maswali hadi akampa kitabu na meza, akamwambia ajitafutie majibu. Akayatafuta. Akasoma kozi ya ufundi kwa njia ya posta huku analea watoto wawili, akafaulu, na baada ya miaka sita akawa Fundi wa Daraja la Pili. Naomba mkikumbuke cheo hicho, maana nitakirudia.

Wote tunajua habari ya ile chai. Asubuhi moja alikunywa funda moja kantini, akaweka kikombe chini, akaenda kwenye simu na kuwaambia watu wa mtambo kwamba dawa ya kusafishia maji imezidi. Wakamjibu kwamba mashine inaonyesha kila kitu kiko sawa. Akawaomba, kwa adabu, waache kuitazama mashine, wakayatazame maji. Haikupita robo saa wakapiga tena, sauti zao ziko chini. Tangu siku hiyo, mtambo ukileta wasiwasi, humpigia yeye kwanza halafu ndipo wanasoma mita. Mume wake, ambaye atakuwa nasi Ijumaa, husimulia kwamba siku ya kwanza alipompeleka kwao, mkewe alinusa glasi ya maji mbele ya mama mkwe. Ndoa ilinusurika, lakini mama mkwe aliosha mtungi wake wa maji kila siku mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa tuje kwenye tangi la samaki lililo katika ukumbi wa wateja, kati ya dirisha namba nne na mlango wa ngazi. Wengi wenu mmelikuta hapa mkadhani ni pambo lililonunuliwa. Halikununuliwa. Kuna mteja alikuja na chupa ya maji ya rangi ya kahawia, akaibwaga juu ya kaunta, akauliza ni nani kati yetu anayeweza kufuga samaki ndani ya maji yale. Maofisa wote wakajifanya wako bize na mafaili. Mama Viputo alikuwa ameshuka na majibu ya vipimo. Akaichukua ile chupa, akaipima, akarudi na kumweleza yule bwana kwamba bomba la mtaani kwao limeoza, na kwamba litabadilishwa. Kisha, bila kumuuliza bosi yeyote, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu aje kuona samaki wakiishi katika maji yetu.

Fundi wa vioo akalitengeneza tangi kutokana na dirisha la duka lililokuwa limetupwa, lita mia tatu. Maji ni ya bomba letu, yakiachwa kwanza kwenye mapipa mawili mpaka dawa iishe. Samaki walikubali kuishi. Mimea ndiyo iliyogoma. Ilikuwa inaota majani ya njano, halafu ute wa kijani unaifunika kama blanketi, halafu inakufa. Kila mtu akawa mtaalamu: ongeza taa, punguza taa, tia mbolea, toa mchanga. Yeye akarudi vitabuni. Alichokigundua ni kwamba mmea wa chini ya maji unahitaji hewa ya ukaa sawasawa na ule wa bustanini, ila maji hubeba kidogo sana, na taa ikiwa kali mmea humaliza yote kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo ilibidi mimea ilishwe gesi.

Mtambo wake wa kwanza ulikuwa chupa ya soda, sukari, maji vuguvugu na hamira, na mpira mwembamba unaopeleka viputo tangini. Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne akazidisha hamira. Povu likapanda kwenye mpira, likamwagika tangini, na ukumbi mzima ukanuka kilabu cha pombe. Watu wa utumishi wakamkamata mlinzi. Wakampanga awapumulie usoni maofisa watatu, mmoja baada ya mwingine, na wa tatu akaapa kwamba amesikia kitu. Mama Viputo aliposikia, alishuka ngazi akikimbia, kijiko cha hamira kiko mkononi, akasema mbele ya wateja wote kwamba kosa ni lake na mlinzi aachwe. Hakungoja kuulizwa. Hakungoja hata dakika moja. Hilo nalo mlikumbuke.

Baada ya hapo akapata mtungi halisi, wa gesi ile ile inayotiwa kwenye soda, wenye regulata ya kupunguza msukumo, mshale wa kuonyesha gesi iliyobaki, na koki ndogo ya kupimia. Gesi inapita kwanza kwenye chupa ndogo ya kioo ambamo unaweza kuhesabu viputo, kisha inaingia tangini. Na ndani ya tangi akabandika kichupa chenye maji ya rangi. Kikiwa cha buluu, mimea ina njaa. Kikiwa cha kijani, kila mtu ameshiba. Kikiwa cha njano, gesi imezidi na samaki wanakabwa. Miezi miwili haikuisha, majani yakaanza kutoa vishanga vidogo vya hewa kila mchana, na wateja wakawa wanapitwa na namba zao za foleni kwa kutazama. Yule bwana wa chupa ya kahawia alirudi. Alikuja na mama yake, wakavuta viti, wakakaa saa nzima.

Jina la Mama Viputo lilizaliwa hapo, na lilizaliwa kwa heshima.

Kuna namna yake ya kupima gesi ambayo sijaiona kwingine. Saa ya ukutani ya ukumbi ilikufa zamani na hakuna aliyeifufua. Saa ya mkononi yeye havai, kwa sababu mikono yake huwa majini siku nzima. Nilipomwambia kwamba simu yangu ina saa, alisema simu itanipa habari nyingine katikati ya kuhesabu. Yeye huhesabu kwa moyo wake. Anaweka vidole viwili shingoni, anatazama ile chupa ya kioo, na kwa kila pigo moja la moyo anataka viputo viwili. Muuguzi wa ofisi humpima kila mwaka na kila mwaka anapata mapigo yale yale, sitini na manne kwa dakika. Moyo wa Mama Viputo hauna haraka na mtu.

Lakini ana sheria moja, na aliifundisha kabla ya kunifundisha jambo lingine lolote. Pembeni ya tangi kuna kigoda. Kabla ya kugusa koki, unakaa. Unakaa mpaka pumzi irudi mahali pake, awe mtu ametoka ngazini, awe ametoka kwenye ugomvi. Aliniambia wazi kwamba mimi, kwa tabia yangu, nitahitaji kukaa mara mbili zaidi ya watu wengine. Na ukimaliza unaandika daftarini: siku, viputo, rangi ya kichupa, hali ya samaki, sahihi. Kila siku ya kazi mstari mmoja. Mstari mtupu hauachwi kamwe, kwa sababu, alisema, mstari mtupu ni mahali ambapo mwongo ataandika baadaye.

Sasa nakuja kwenye kichekesho.

Mnakijua. Kila sherehe ya mwisho wa mwaka, kwa miaka tisa sasa, mshereheshaji wetu wa idara ya utumishi anashika kipaza sauti na kuwaomba wahudumu wasimpe Mama Viputo jagi la maji, maana atalitia gesi na sisi sote tutaelea. Ukumbi unacheka. Anayecheka kwa sauti kuliko wote ni bosi aliyeketi meza ya mbele. Mama Viputo naye hucheka, anatikisa kichwa, anaendelea kula. Na mimi hutazama sahani yangu. Miaka tisa nimetazama sahani. Nimejikausha kama sikuwepo.

Kamati iliponiandikia kwamba kichekesho hicho kiwemo, damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema sawa. Kiwemo. Lakini kiwemo chote.

Miaka tisa iliyopita, siku ya Alhamisi, Mama Viputo alipewa ruhusa ya kwenda kumzika kaka yake. Kabla ya kuondoka aliandika daftarini kama kawaida: viputo viwili, kijani, samaki wazima. Aliniambia kwamba mtungi umekaribia kuisha na kwamba ukiisha niufunge mwingine. Alinipa spana ya akiba. Akaniambia nikae kwanza. Nilikuwa na miezi minne hapa, katika kipindi changu cha majaribio, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ijumaa mchana mtungi ukaisha. Nikashuka na mtungi mpya, nikaufunga. Wakati huo huo akatokea meneja wa ukumbi. Leo ni Mkurugenzi wa Utawala, yule bosi wa meza ya mbele, na ndiye atakayemkabidhi Mama Viputo ngao yake Ijumaa. Siku ile alikuwa na wageni wazito waliotarajiwa Jumatatu, na aliona viputo vimesimama. Alinifokea mbele ya foleni mbili za wateja. Alisema mimea imekaa kama mboga za juzi. Aliuliza kama niliajiriwa kufanya kazi au kushika spana. Alinikumbusha, kwa sauti ambayo hata walioko nje walisikia, kwamba mimi ni mtu wa majaribio na majaribio yana mwisho. Nilikuwa na majibu kumi mdomoni. Nikayameza yote, moja moja, na kila moja lilishuka kama kaa la moto.

Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu, mikono kifuani, anataka kuona viputo. Juu ya kigoda alikuwa ameweka faili lake. Ningeweza kumwomba aliondoe. Ningeweza kuliondoa mwenyewe. Sikukaa. Niliweka vidole shingoni nikiwa nimesimama, nikaanza kufungua koki, viputo viwili kwa kila pigo, kama nilivyofundishwa. Moyo wangu ulikuwa unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Nikaufuata moyo huo. Nikafungua mpaka viputo vikalingana nao.

Nilitazama kichupa, kilikuwa cha kijani. Lakini kichupa kile huchelewa. Rangi yake haigeuki mpaka ipite muda wa kama saa mbili hivi. Nilijua. Nilifundishwa. Nikapanda juu, nikajifungia maabara, na daftari sikuliandika. Jioni nikapita mlango wa nyuma ili nisikutane naye tena.

Jumamosi na Jumapili ofisi ilifungwa. Taima, swichi ya umeme inayojiendesha yenyewe, ikawasha taa na kufungua gesi asubuhi, ikazima jioni, kama ilivyoagizwa. Jumatatu walipofungua milango, samaki arobaini na mmoja walikuwa wanaelea matumbo juu, akiwemo yule mkubwa tuliyemwita Mkaguzi kwa jinsi alivyozunguka kila kona. Kichupa kilikuwa cha njano kama kiini cha yai. Wateja walipiga picha kabla sisi hatujafika tangini. Kufikia saa sita mji mzima ulikuwa unasema maji yetu yana sumu, kwa sababu ni nani asingeamini? Tangi tulikuwa tumeliweka sisi wenyewe kama ushahidi. Wageni wazito waligeuzia getini. Siku tatu tulizunguka mitaani na chupa za vipimo kuwathibitishia watu kwamba maji ni mazima.

Ofisi ikataka jina, na daftari lilikuwa na jina moja. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi, kwa mwandiko wa Mama Viputo. Meneja wa ukumbi alikuwa amesimama nyuma yangu Ijumaa kwa macho yake mawili, ameniona nikifungua koki, na koki nimeifungua kwa haraka zake yeye. Kwenye kikao alisema hakumbuki kumwona mtu yeyote tangini siku hiyo. Nilikuwepo kwenye kikao. Niliufyata.

Mama Viputo alirudi Jumatano, macho yamevimba kwa kilio cha kaka yake, akakuta barua mezani. Onyo la mwisho, uzembe uliosababisha taharuki kwa umma. Hakuisoma mara ya pili. Alishuka ukumbini, akatazama mshale wa mtungi, akaona umejaa, wakati yeye aliuacha ukiwa karibu na sifuri. Spana zilikuwa mbili tu, moja ya kwake na moja aliyonipa. Akapanda, akafunga mlango wa maabara, akaniuliza swali moja: nilikaa?

Nikamwambia sikukaa. Nikamweleza yote. Nikasema nitakwenda kusema. Akanijibu kwamba yeye watampa barua, mimi watanipa mlango. Kwamba yeye ana kazi ya kudumu na mimi nina mtoto anayekuja. Na kwamba sitakwenda popote ila nyumbani. Mimi hupenda kujisimulia kwamba nilibishana naye. Kweli nilibishana. Haikufika dakika moja. Akachukua kalamu, akasaini kwamba amepokea onyo.

Ndiyo maana yuko Daraja la Pili hadi leo, ndugu zangu. Mara mbili nafasi ya Fundi Mkuu ilitangazwa, na mara mbili faili lake lilifunguliwa na ile barua ikakutwa juu. Mara ya kwanza walimleta mtu kutoka nje. Mara ya pili, miaka miwili iliyopita, nafasi hiyo walinipa mimi. Aliyenipa mkono wa kwanza ni yeye. Tangu hapo yeye ndiye anayebisha hodi mlangoni kwangu kuomba ruhusa, na mimi ndiye ninayesaini. Mwanamke aliyenifundisha kushika chupa ananiita bosi, tena bila utani.

Mnaniuliza nimekasirika na nani. Nimekasirika na Mkurugenzi, aliyeona na akasema hakuona, na ambaye Ijumaa atamwaga sifa na vilemba vya ukoka jukwaani huku anampa ngao iliyochongwa cheo ambacho yeye mwenyewe alimfungia humo. Nimekasirika na mshereheshaji, na kila aliyecheka. Nimekasirika na wewe pia, Mama. Sikukuomba wema ule, nikaupokea, na miaka tisa hukunipa hata jicho moja baya ambalo ningeweza kugombana nalo. Lakini nyote mkiwekwa pamoja hamfikii nusu ya hasira niliyo nayo juu ya mtu mmoja. Mtoto wangu yuko darasa la tatu. Kipindi cha majaribio kiliisha baada ya miezi miwili. Nilikuwa na siku zaidi ya elfu tatu za kusema, na kila siku nilisema kesho.

Kesho zimekwisha. Mtu akistaafu faili lake hufungwa siku hiyo hiyo saa kumi, hupelekwa stoo, na kwa kanuni zetu hakuna karatasi inayoingia wala kutoka tena. Mama Viputo ataondoka na miaka thelathini na mitatu ya kazi safi, na karatasi ya mwisho juu yake itasema mzembe. Kwa hiyo Jumatatu hii nimepeleka masjala maelezo yangu kwa maandishi, kurasa mbili, nimesaini, nimeyagongesha muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo. Nimeomba ile barua itolewe kwenye faili lake kabla ya saa kumi ya Ijumaa na iingie kwenye langu. Cheo nacho nimekiweka mezani. Masjala wanasema suala liko kwa Mkurugenzi wa Utawala. Ndiyo, yeye yule. Basi wote mnaosoma hapa mmeshika karatasi hii mkononi, na yeye anajua mmeishika. Programu imechapwa kwenye printa ya maabara kwa sababu ya utawala imekufa tangu mwezi wa tatu, na ndiyo maana mnaisoma kama nilivyoiandika.

Limebaki jambo moja, na hili hata Mama Viputo hajui kwamba ninalijua.

Wiki iliyopita nilikuwa ninapanga madaftari yake ya tangi kwa ajili ya makabidhiano. Yako kumi na manne. Nililitafuta lile la mwaka ule, nikafungua ukurasa ambao sikuwahi kuutazama tena. Mstari wa Alhamisi upo: viputo viwili, kijani, samaki wazima. Mstari wa Jumatano aliyorudi upo pia: gesi imefungwa, tangi tupu, tunaanza upya. Jumatatu na Jumanne hapakuwa na cha kupima, lakini katikati ya mistari hiyo miwili kuna mstari mmoja mtupu. Nikapekua madaftari yote kumi na manne, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mwingine. Yeye, asiyeacha mstari, aliacha mmoja. Hakuuachia mwongo. Aliuacha wa Ijumaa, wenye upana wa kutosha sahihi ya mtu mmoja, akauacha hapo miaka tisa bila kunisukuma.

Nimeujaza. Nimeandika: Ijumaa. Mtungi mpya. Sikukaa. Viputo vinne na zaidi kwa kila pigo la moyo wa Mama. Kijani, lakini sikungoja. Nimetia sahihi yangu na tarehe ya leo, ili asije mtu akasema niliandika siku ile.

Kwa niaba ya maabara, ya watu wa mtambo, ya yule mlinzi aliyepumulishwa bure, na ya kila aliyepitwa na namba yake kwa kutazama mimea, tunakushukuru, Mama Viputo. Mumeo akupokee vizuri, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na kila glasi ya maji utakayonusa iwe safi. Uishi vyema na uishi sana.

Leo asubuhi nilishuka kupima gesi kwa niaba yako. Nilikaa kwenye kigoda nusu saa, vidole shingoni, na moyo ukakataa kutulia. Koki sikuigusa. Iko pale pale ulipoiacha wewe, na kichupa ni kijani.